Siku Bodi Ilipoifukuza Obokano

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu. Shule yetu ya usiku ilikuwa na taa iliyozimika kila tulipofika hesabu, lakini cheti nilipata, na mke wangu amekitundika juu kuliko picha ya harusi yetu. Kwa hiyo wazazi waliponichagua kuingia bodi ya shule ya upili hapa karibu na Itumbe, nilivaa koti zito kama godoro nikaenda kuketi kama waziri.

Hasira niliyotoka nayo siku hiyo bado ninayo.

Mwalimu wa drama alikuja kuomba ruhusa tu. Wanafunzi walikuwa wameandaa ngoma ya kumpokea bi harusi, waipeleke tamasha la kaunti pale Nyamira. Mpigaji wao alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyefunzwa obokano na babu yake. Obokano ni kinubi chetu cha nyuzi nane, kikubwa kama ndama, na msichana yule akikigusa madirisha ya bweni yalitetemeka. Siongezi chumvi. Haya, naongeza kidogo.

Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye shamba la chai lenye majani mengi kuliko matone ya mvua, akakohoa. "Hicho ni chombo cha walevi. Halafu anakipiga msichana?"

"Bwana mwenyekiti, ni ngoma ya kiasili," mwalimu akasema. "Majaji wanaangalia na ala."

"Kanisa lina kinanda. Kina sauti zote."

"Za umeme?" nikauliza.

"Wewe mzazi, huko usiku hawakukufundisha kungoja zamu?"

Walicheka wote. Hata mwalimu mkuu, ambaye wiki hiyo hiyo alimsifu msichana mbele ya shule nzima, alicheka hadi akavua miwani. Mikono ikapanda kuchagua kinanda, wangu ukabaki mezani peke yake. Obokano ikarudishwa nyumbani kwa babu.

Huko Nyamira bi harusi aliingia kwa madaha, njuga zikilia miguuni, na kinanda kikalia kama simu ya mtu aliyesahau kuizima ibadani. Msichana alikuwa hajawahi kugusa kinanda. Alikitafuta kwa kidole kimoja, shingo imeinama, huku wenzake wakikosa pa kukanyaga.

"Huyu bi harusi anaolewa supamaketi?" jaji akauliza kwenye maikrofoni. Ukumbi ulicheka mpaka nadhani watu wa mji wa Keroka walisikia. Tulikuwa wa mwisho. Msichana alilia njia nzima ya kurudi, bila sauti.

Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti alisema drama inapotezea watoto wakati.

Sasa sikiliza. Mwezi huo huo alimwoza mwanawe. Nani alialikwa kuburudisha? Babu ya yule msichana, na obokano ile ile. Mwenyekiti alicheza hadi kofia ikaanguka, akaikanyaga, akaendelea. Nilikuwa pale na sahani yangu, nikaiweka chini na matoke yake kwa hasira.

Muhula huu bodi imepata habari kwamba wageni wa kaunti watatembelea shule. Msichana akaitwa mbele yetu.

"Binti yangu," mwenyekiti akasema, sauti imelainika kama siagi juani, "utuletee ile obokano. Wageni waone utamaduni wetu."

"Pole, mzee. Mimi niliacha kupiga," akajibu. "Kinanda kipo."

Akaomba ruhusa, akarudi darasani. Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye mwakilishi wa wazazi. Zungumza na mtoto."

"Ningoje zamu yangu, Bwana mwenyekiti."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilitembea nyumbani nikijiona jemadari, mpaka nikapita kwa kina msichana. Babu alikuwa nje ya mlango, akikaza nyuzi za obokano peke yake. Nikamuuliza kama mjukuu amewahi kuigusa tena.

"Hata kuipangusa vumbi hataki," akasema, akaendelea kukaza.