Pua ya Fundi wa Mninga

Kwa miaka mingi, mteja wa mninga hapa Tabora akishuku ametapeliwa, alikuwa ananijia na kipande chake cha ubao. Nilikikwaruza kwa msasa, nikachota unga kidogo kwa vidole, nikanusa kwa madaha huku nimefumba macho, kisha nikatoa hukumu. Mafundi wengine hutazama rangi na mistari. Mimi ilikuwa lazima ninuse, tena mbele za watu.

Kwa hiyo nilipoanza kubanwa kifua na kukohoa nilishuku kila kitu isipokuwa mbao. Kwanza nilimpiga marufuku mke wangu kufukiza udi. Kikohozi kikabaki palepale. Nikamfukuza paka. Kisha nikaenda msibani Kigwa, nikakaa wiki nzima bila kukohoa hata mara moja, nikarudi na jibu kamili: nyumba yetu ina hewa mbaya.

"Sasa baba watoto, mbona sisi tunaoshinda humu hatukohoi?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia aache ubishi. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alinipa shikamoo, nami marahaba yangu ikakatikia njiani kwa kikohozi. Akasema anashuku pumu inayoletwa na kazi. Akanikabidhi kidude cha plastiki chenye mshale, cha kupima nguvu ya pumzi, nikipulize asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na za mapumziko, kisha niandike namba.

Basi nikaona haya kupuliza mbele ya mafundi wangu. Nilikuwa natoka karakana, nakunywa chai ya tangawizi, napumzika barazani mpaka kifua kilegee, ndipo napuliza. Nilidhani ni mtihani, na mimi kufeli sikutaka.

Daktari akasoma karatasi yangu. "Baba, kwa namba hizi ungekuwa unacheza mpira. Lakini nakusikia unavyohema."

Nikakiri. Akanirudisha nianze upya, nipulize palepale kwenye vumbi wiki mbili, kisha nikae nyumbani wiki mbili. Safari hii sikudanganya, maana nilikuwa nimeanza kuogopa. Siku za kazi mshale ulishuka kila jioni. Nilipokaa nyumbani ukapanda, ukabaki juu.

"Ni unga wa mninga," daktari akasema. "Mwili wako umeukataa."

Nikamuuliza, je, nikivaa barakoa?

"Itasaidia kidogo, haitatosha. Dawa nitakupa, lakini ukibaki kwenye vumbi lile pumu itazidi kukomaa. Iache hiyo kazi, baba."

Sijui kazi nyingine. Nililia mbele ya binti anayelingana na mwanangu wa mwisho, kisha nikamwambia nimeingiwa na vumbi machoni. Akatazama chumba chake kilichopigwa deki asubuhi ile, akasema, "Pole, baba," akainuka kufunga mlango ili waliokuwa kwenye foleni wasinione.