Mkeka wa Sidonie, Msusi Aliyeahidi Kunyamaza

KASONGO, 1956. Ni Jumamosi asubuhi, na kichwa cha Emilienne kiko katika hali mbili. Upande wa kulia kimesukwa mistari myembamba inayong'aa kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi. Upande wa kushoto nywele zimesimama wima, kama askari waliosikia tarumbeta.

Nyuma yake, juu ya kigoda, ameketi Sidonie, mke wa mwashi na msusi anayejulikana kuanzia sokoni hadi njia ya Kabambare. Ana kitana cha mti mkononi na uzi mweusi mdomoni. Uzi huo anautafuna. Leo Sidonie ameahidi kutosema neno, na ahadi hiyo inamtesa kuliko jino bovu.

Kwa faranga tano, msichana anayeketi juu ya mkeka wake husukwa nywele. Mashauri kuhusu wachumba hutolewa bure, yatakiwe yasitakiwe.

“Mwanaume akikuja kukuposa, usichore chini na kidole cha mguu,” huwafundisha siku zote. “Muulize neno moja, lile linakunyima usingizi. Kisha nyamaza, umuache ajibu. Na ukimuletea maji, chelewa kidogo. Mutu wa hasira hawezi kuificha kama iko na kiu.”

Mafundisho hayo hakuyapata shuleni. Emile, mumewe, alimposa huko Wamaza kiangazi kizima, na kiangazi hicho chote wawili hao hawakuzungumza, kwa heshima.

“Alifikiri mimi ni bubu,” husimulia Sidonie. “Akanioa hivyo hivyo. Nafikiri hiyo ndiyo ilimufurahisha.”

Emile, akiulizwa juu ya jambo hilo, hujibu kwamba ana matofali ya kupanga.

Lakini mashauri yamezua balaa. Cécilia, mmoja wa wasichana wa mkekani, alimuuliza mchumba wake kama ana mke mwingine Kabambare, kumbe anaye. Léontine alimuuliza wa kwake hufanya kazi gani siku za mvua. Akajibiwa kwamba mvua imewekwa kwa ajili ya kulala. Posa zote mbili zikavunjika, na mbuzi waliokwisha kuliwa wakatakiwa warudishwe wakiwa hai.

Ndipo Mama Clémentine, mama yake Emilienne, ambaye sauti yake hufika misheni bila msaada wa kengele, alipokuja uani kutoa hukumu.

“Sidonie, wewe suka nywele, kinywa funga! Huyu Marcellin akikimbia, hakuna mutoto wa Kasongo atakaa tena kwa mukeka yako. Nitapita nyumba kwa nyumba!”

Si tishio dogo, maana nyumba zote humsikiliza. Bila mkeka huo, Sidonie hana budi kurudi kwenye shamba la pamba, ambalo mgongo wake ulikwisha kulikataa.

Marcellin, anayefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, alitarajiwa jioni pamoja na mjomba wake, kupokea jibu la posa. Lakini dereva wa kamioni itakayomrudisha kazini ametangaza kwamba anaondoka kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo kijana anatokea sasa hivi, shati limepigwa pasi, miguu imejaa vumbi.

Emilienne anataka kukimbia. Hawezi: nywele zake zimo mikononi mwa Sidonie. Anafunika upande wa kushoto kwa kitambaa na kutazama vidole vya miguu.

“Hodi, Mama Sidonie.”

Sidonie anaitikia kwa kichwa.

Marcellin anakohoa na kuanza. Anasema maneno aliyofundishwa na wenzake wa kambini: juu ya ua la asubuhi, juu ya nyota, juu ya Lualaba inayofurika moyoni mwake. Mafuriko hayo yanachukua muda.

Emilienne anachora chini kwa kidole cha mguu.

Maneno yanakwisha. Kuku anapita katikati yao.

“Basi,” anasema Marcellin, sauti imeshuka. “Nimeelewa. Nitamwambia mjomba asije.” Anageuka kwenda.

Sidonie aliahidi kufunga kinywa. Hakuna aliyemwambia afunge mikono. Anavuta.

“Ayi!” anapiga kelele Emilienne, na pamoja na kelele hiyo lile neno linatoka: “Marcellin! Kule Salamabila, mama yangu akigonjwa, utaniacha nirudi?”

Marcellin anasimama. Ua na nyota havimsaidii hapa.

“Mimi sijui kama bwana mukubwa wa kazi atanipa ruhusa mimi,” anasema polepole. “Lakini wewe utapanda kamioni siku ileile. Nitapika mwenyewe.”

“Unajua kupika?”

“Vibaya sana.”

Emilienne anacheka, na kitambaa kinaanguka. Marcellin anaona kichwa chote, pande zote mbili, na hakimbii. Anaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

“Na kwa nini ulikuwa unaninyamazia?”

“Ulikuwa unasema kama padri. Niliogopa kukatiza misa.”

Mama Clémentine, aliyevutwa na ile “Ayi!”, amesimama penye ua wa matete akiwa na mchi mkononi. Amesikia yote. Wote watatu uani wanangoja ngurumo.

“Neno hilo la kugonjwa,” anasema, kwa sauti ambayo safari hii haifiki hata kwa jirani, “mimi pia lilikuwa linaninyima usingizi.” Anauegemeza mchi. “Marcellin, mwambie mjomba akuje jioni hata kama wewe umekwenda. Sidonie, maliza kichwa ya mutoto.”

Sidonie anatema uzi na kuvuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha anasema mfululizo mpaka honi ya kamioni inamwita Marcellin, naye anaondoka mbio akipunga mkono.

Sasa Sidonie ana mpango. Anataka mkeka wa pili, kila Jumapili baada ya misa, kwa ajili ya vijana wa kiume.

“Wasichana wanajua kuuliza. Sasa wanaume wajifunze kujibu,” anasema akirudia upande wa kushoto. “Shida ni moja. Wao hawana nywele za kuvuta.”

“Masikio wanayo,” anasema Mama Clémentine, na kujisogezea kigoda.