Niliazima Sebule Kuwapokea Wakwe, Sasa Bibi Anafungasha Ahamie

Makomredi wa chumba kimoja, wapangaji wenzangu mnaopika, mnaolala na mnaosoma ndani ya kuta zilezile nne, nawasalimu. Nimemwomba msimamizi wa ukurasa huu afiche jina langu. Si kwamba namwogopa adui. Safari hii msaliti ni mimi.

Nina miaka ishirini na tisa, ni mhitimu wa chuo kikuu, naishi Mikumi. Mchana nachapa barua na kutoa kopi katika steshenari ya mtu, jioni nafundisha twisheni. Kipato ni kidogo na chumba ni kidogo: kitanda, meza, mtungi mdogo wa gesi, na rafu ya vitabu niliyoigongea misumari mwenyewe. Sikuwahi kukionea haya. Chuoni nilipanda juu ya meza za kantini kuwahubiria wenzangu kwamba mtu hapimwi kwa upana wa dari yake. Niliwadharau, na bado nawadharau, wanaojenga sebule kubwa kuliko maisha yao: makochi yamefunikwa vitambaa utadhani yanasubiri kuzikwa, kabati la vioo limejaa vikombe visivyowahi kuonja chai, na nyuma ya pazia watoto wanne wanagombania shuka moja. Huo si ustawi. Ni maonyesho ya biashara yasiyo na kiingilio.

Mchumba wangu, nitamwita Rehema, ni mwalimu wa shule ya msingi Kilosa. Siku ya kwanza alipokiona chumba changu alicheka, akasema, "Hapa hata tukigombana hatutanuniana, pa kwenda hakuna." Nikajua nimepata mke.

Posa ikapokelewa kwao Masanze. Kisha likaja agizo: shangazi zake wawili wanataka kuona binti yao atakaa wapi. Mshenga wangu, mzee mstaafu wa reli, alisimama mlangoni kwangu akaangaza macho.

"Mwanangu, wale mama watakaa wapi? Juu ya gesi?"

Nikamhutubia kuhusu utu, jasho na ulimbukeni wa tabaka linalojiita la kati. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee wa watu.

"Hotuba nzuri. Sasa tafuta sebule."

Jirani yangu mkandarasi alikuwa safarini, ameniachia funguo nimwagilie maua yake. Nyumba ya vyumba vitatu, makochi, kabati la vioo, kila kitu ninachokidharau. Nilimpigia simu, akacheka, akaniruhusu. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi, mtu wa misimamo, nilifuta vumbi kwenye vile vikombe kwa mikono yangu.

Wageni walifika na Rehema, mshenga akiwaongoza. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, wakazama kwenye makochi. Rehema alitazama huku na huku, kisha akanitazama mimi. Shangazi mkubwa akaomba maji ya kunywa. Nikainuka kwa madaha ya mwenye nyumba, nikafungua mlango, nikajikuta nimekabiliana na fagio na ndoo za rangi.

"Vipi mkwe, jiko limehama?"

Mshenga akadaka: "Huyu hajui jiko liko wapi, ndiyo maana amekuja kwenu kutafuta jiko!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikadhani nimeokoka. Lakini shangazi alipomaliza kukagua alirudi na mikono kiunoni.

"Vyumba vitatu, watu wawili! Mnataka kufuga popo? Bibi yake Rehema anaumwa mguu, kila akija huku kliniki analala kwa watu. Sasa amepata kwake. Kile chumba cha nyuma ni chake."

Nilipaswa kusema palepale. Nilisema, "Karibu sana, shangazi."

Makomredi, yule bibi ameshagawa kuku wake kwa majirani. Shamba la mihogo amewaachia wajukuu. Juzi alinipigia simu mwenyewe: "Mume wangu, hicho chumba changu kina dirisha? Nataka niwe naona watu wakipita." Ulimi huu uliowahi kuwanyamazisha maprofesa ukajibu, "Lipo, bibi."

Mshenga ana dawa yake: nipange nyumba ya vyumba vitatu haraka, uongo ugeuke kweli. Ndiyo busara ya zama zetu hiyo! Kipato chote kimezwe na mwenye nyumba, nasi tukae sebuleni tukitafuna kuta. Wapo wengi mjini wanaoishi hivyo na wanajiita wamefanikiwa.

Rehema hakupaza sauti. Aliniambia, "Ulikuwa unawacheka wenye makochi. Wao angalau makochi ni yao. Mimi chumba kile ningekiingia kwa vigelegele. Wewe ndiye uliyekikana." Kisha akaweka sharti: niseme kweli mimi mwenyewe, mbele ya ukoo wote, kabla tarehe ya ndoa haijatajwa. Nisiposema atasema yeye, na hatasema kama mchumba wangu.

Nikisema, shangazi watanifukuza kama mbwa aliyeingia jikoni, na bibi atabaki bila kuku na bila chumba. Nikinyamaza, namkosa mwanamke pekee aliyekipenda chumba changu kabla sijakisaliti. Je, nianze na bibi faraghani, au nisimame mbele ya wote? Na nikishasimama, huyu mama mzee nimwahidi nini kisicho uongo mwingine? Nipeni ushauri, huruma yenu wekeni akiba.

Kikao cha kupanga tarehe ni Jumapili hii, saa nane mchana, Masanze. Bibi ameagiza kiti changu kiwekwe karibu na chake.