Ratiba Yangu ya Likoma

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuo kikuu, umri ambao mtu hana swali asilolijua jibu lake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya mipango. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda na malori yao hadi kwetu Maguu, na maduka ya Mbinga mjini, ambayo nilipokuwa mdogo yaliuza viberiti na subira, sasa yalikuwa na sabuni za rangi tatu na redio za kaseti. Chuoni tulifundishwa kwamba kilichokuwa kimetukwamisha miaka yote ni kukosa mpango mzuri. Niliamini. Nilirudi likizo nikiwa na kalamu za wino wa rangi, nikawa natafuta kitu cha kupanga.

Baba yangu alikataa kupangiwa shamba lake. Alisema mibuni ilikuwepo kabla ya chuo kikuu. Ndipo nikateremka ziwani kwa bibi.

Bibi ni mama wa mama yangu, Mnyasa na Mwanglikana, aliyemwachia binti yake aolewe milimani na Mmatengo Mkatoliki, na ambaye hadi leo sijui kati ya hayo mawili ni lipi lilimsumbua zaidi. Aliishi kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay, pamoja na mjomba wangu mvuvi. Nilimkuta akianua usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye kichanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko wanakokufundisha hawapiki?"

Kisha, kabla sijakaa, akaniambia habari iliyokuwa imejaa mwambao wote. Waumini walikuwa wameomba meli, ile iliyozoea kuvuka kwenda Nkhata Bay, iwapeleke siku moja kisiwani Likoma, ng'ambo ya mpaka, wakasali katika kanisa kuu la mawe ambako wazee wao walibatizwa, na kuwarudisha siku hiyohiyo. Meli ingetia nanga saa tano na kuondoka saa nane. Wenye meli walikuwa wamekubali mara hiyo moja tu.

Bibi alikuwa na dada yake Likoma. Aliolewa huko zamani, na hawakuwa wameonana kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo kulikuwa na vita ng'ambo moja, ukaguzi ng'ambo nyingine, meli mbovu, na kukosa kitenge cha kuvaa mbele za watu. Walikuwa wakipelekeana barua kwa mikono ya wanakwaya na mapadri, na dada, ambaye hakujua kuandika, alimwandikisha kila mwandishi maneno yaleyale: njoo tukae, mdogo wangu, kabla sijafa.

"Sasa amepita sabini," bibi alisema. "Na mimi namfuata nyuma. Meli hii ndiyo nafasi yenyewe, mume wangu."

Hakika nilipaswa kuguswa, na niliguswa, lakini zaidi nilifurahi. Muda wa saa tatu, kisiwa kimoja, wasafiri watatu: bibi, mjomba na mimi. Nani angenipa mradi mzuri kuliko huo?

Nilifanya kazi siku mbili mezani kwa mjomba. Nyekundu ilikuwa mambo ya lazima, buluu mambo muhimu, kijani ya ziada. Kushuka ufukweni, dakika ishirini. Kanisa kuu, dakika thelathini na tano, pamoja na sala. Soko la Likoma, ambalo kila mtu alisema limechangamka kuliko la Mbamba Bay, dakika thelathini. Kaburi la baba yake bibi, aliyezikwa huko, dakika kumi na tano. Kuonana na dada, dakika arobaini. Kurudi, dakika ishirini. Zilizobaki nikaziita za dharura, nikajipongeza kwa kuona mbali. Nikaandika pia barua, nikaipeleka kwa mwanakwaya aliyekuwa akivuka na mtumbwi wa injini, nikimwagiza dada wa bibi abaki nyumbani kwake na asitoke, ili tumkute pale kwa wakati.

Jioni nikawasomea. Mjomba alisikiliza huku akishona wavu.

"Mpwa wangu msomi," alisema, "hapa umeandika kaburi dakika kumi na tano. Marehemu umemwuliza?"

Bibi aliomba karatasi ile, akaigeuza-geuza, akaisifia rangi. Kisha akauliza, "Na kukaa umekuweka wapi?"

"Hapa, bibi. Kuonana na dada. Dakika arobaini, kwa wino mwekundu."

"Kuonana ni dakika moja. Nikimtazama, nimemwona. Nauliza kukaa."

Nikamweleza kwamba kukaa kumo ndani ya kuonana. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyenawa mkono mmoja.

Tuliondoka Mbamba Bay alfajiri. Hati za kusafiria tulikuwa tumezipata Mbinga baada ya kupanga foleni mara tatu, na bibi alikuwa amefunga kapu lake: kahawa ya Maguu, mchele, doti mbili za vitenge vya dukani, na mbasa wawili wa kukaushwa, ingawa nilimweleza kwamba Likoma nako kuna ziwa lilelile na samaki walewale. "Hawa ni wa kwetu," alisema, na mjadala ukafungwa. Sitaha ilijaa kina mama wa kanisa, sare nyeupe na nyimbo, na mtu asiyejua angedhani meli inaendeshwa kwa sauti zao.

Tulifika tumechelewa kwa dakika ishirini. Ofisa wa meli, mtu mnene mwenye kofia iliyompwaya, alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba saa nane ni saa nane palepale, honi itapigwa mara tatu, na ya tatu haimsubiri hata askofu. Nikafuta dakika za dharura. Bado nilikuwa na amani.

Likoma haikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikatujia, na mtumbwi ukigota mtu anaruka mwenyewe na kutembea majini hadi magotini. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya chuoni. Mjomba alivitazama vikizama.

"Kwenye ratiba umeviandika rangi gani hivyo?" aliuliza.

Lakini mji! Mji ulikuwa umetoka wote. Kulikuwa na mwanamke anayekaanga mandazi ndani ya sufuria kubwa kama ngoma, wauza mitumba waliotandika mashati juu ya mchanga, redio tatu zikipiga nyimbo tatu, bata wakipita katikati kama wenye mji, na mchuuzi mmoja aliyeuza betri, biskuti na Agano Jipya juu ya meza moja. Nilitamani kusimama kwenye kila kitu. Nilishika saa yangu nikasema, "Soko, dakika thelathini, baadaye."

Hatukufika baadaye. Bibi alikuwa hajatembea hatua ishirini mwanamke mmoja akampigia yowe. Sura ya bibi ni sura ya dada yake, na kisiwa kizima kilikuwa kinaijua. Yule mama akapiga magoti mchangani, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa kidogo, akauliza hali ya bibi, ya watoto, ya wajukuu, ya mihogo. Bibi naye akapiga magoti, akajibu, akauliza. Walipoinuka, mwingine alikuwa ameshapiga magoti nyuma yake. Na mwingine. Huko ziwani hakuna mtu anayesalimiwa akiwa anatembea. Nililijua hilo tangu utoto, nikalisahau mwaka wa kwanza chuoni. Nilihesabu salamu kumi na moja. Kanisa kuu nikalifuta kimoyomoyo. Kaburi likafuata.

Tulipofika nyumbani kwa dada wa bibi ilikuwa saa saba kasoro robo. Palikuwa pamefagiliwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani, na chungu kilikuwa kinatokota jikoni. Mtu hakuwepo.

Jirani alitokeza kichwa. "Amekwenda ufukweni kumpokea mdogo wake. Tangu asubuhi yuko upande wa kanisani. Ninyi mmepita wapi?"

"Tumepita sokoni," nikasema. "Lakini nilimwandikia abaki hapa!"

"Barua alisomewa," jirani akasema. "Alicheka sana. Nani humsubiri mgeni ndani?"

Bibi alikaa ukingoni mwa baraza. Akaanza kukung'uta mchanga magotini. Sijawahi kuona mtu akinilaumu kidogo namna ile, na sijawahi kuumia namna ile. Miaka ishirini na sita, na mimi, kwa wino mwekundu, nilikuwa nimewapitisha njia mbili tofauti. Mjomba aliweka kapu chini akakimbia kurudi ufukweni. Mimi nilisimama nikitazama mkono wa saa, ambao wakati huo ulikuwa ndio kitu pekee kinachotembea kwa mpango.

Walirudi saa saba na dakika ishirini. Mjomba mbele akihema, na nyuma yake mwanamke mfupi, mpana, aliyetembea kwa haraka huku akitukana. Alikuwa ananitukana mimi, ingawa hakunijua bado.

"Yuko wapi huyo karani wa kuniambia nisitoke kwangu?"

Kisha akamwona bibi. Hawakukumbatiana. Walipiga magoti, wazee wawili, uso kwa uso, wakapiga makofi yao taratibu na kuulizana hali kwa utaratibu wote, hali ya watoto, hali ya mihogo, kama watu walioachana juzi. Machozi yalikuwa yanawatiririka wote wawili na hakuna aliyeruka hata swali moja. Halafu wakakaa mkekani, bega kwa bega, miguu imenyooshwa mbele, wakanyamaza.

Honi ya kwanza ililia saa nane kasoro dakika ishirini.

"Bibi," nikasema, "samahani. Inabidi tuondoke."

Dada wa bibi akanitazama. "Kijana huyu ana kelele kuliko meli. Kuku hajaliwa, na wewe unasema kuondoka?"

"Meli haisubiri, bibi mkubwa."

"Basi nitamsindikiza," alisema. Akainuka, akaipua chungu chote pamoja na mchuzi, akakiweka kichwani juu ya kata, akachukua na kifurushi chake mlangoni.

Kusindikiza mgeni ni adabu, na kwa adabu hukimbii. Ukikimbia utadhaniwa unamfukuza. Tulitembea mwendo wa maandamano ya kanisa. Sokoni watu walijiunga nasi, maana mgeni wa mmoja ni wa wote, na kila mmoja alibeba kitu chetu ili naye awe amesindikiza: mmoja kofia yangu, mmoja kapu tupu, mwenye mandazi akampa bibi mandazi saba. Honi ya pili ilitukuta miguu ikiwa majini.

"Tuagane hapa, bibi mkubwa," nikasema.

"Niagane na mtu katikati ya maji? Nimfikishe."

Akapanda mtumbwi akiwa na chungu. Mpiga kasia hakumwuliza kitu. Kwani yeye ni nani kumkataza mtu kusindikiza? Melini alipandishwa kwa ngazi ya kamba, wasichana wa kwaya wawili wakivuta juu na mjomba akisukuma chini, na chungu kikifuata kwa kamba yake, mchuzi haukumwagika hata tone. Wakatafuta benchi lenye kivuli, wakafunua kuku, na hapo ndipo walipoanza kuzungumza.

Honi ya tatu ililia. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kugeuka. Nikasikia mtetemo chini ya nyayo.

Nilikimbia kwa ofisa.

"Simamisha! Kuna bibi hajashuka!"

"Ana tiketi?"

"Hana. Anasindikiza."

"Anasindikiza mpaka wapi?"

Nilimwonyesha benchi kwa kidole. Ofisa alitazama mji unaorudi nyuma, akavua kofia yake, akajikuna. Alisema meli si baiskeli. Kisha akaenda mwenyewe hadi benchini, akitembea kwa mamlaka yote aliyokuwa nayo.

"Bibi, shikamoo. Una karatasi za kusafiria?"

"Marahaba, mwanangu," dada wa bibi akasema, akafungua kifurushi. Mlikuwa na gauni la Jumapili, shuka, dawa ya kifua, cheti cha ubatizo, na barua ya padri wa Likoma, yenye mhuri, ya kumtambulisha kwa padri wa upande wetu.

Nilisogea nikausoma mhuri ule. Tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Bibi mkubwa," nikasema, "kumbe ulijua utakuja?"

"Nilijua ninyi mnaishi mbali," alisema. "Mtu akimsindikiza wa mbali, anachukua shuka."

Bibi hakunitazama. Alikuwa anachagua paja, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Mjomba alicheka hadi akakaa chini kwenye mbao. Ofisa alisoma cheti cha ubatizo mbele na nyuma, akasema padri wetu atajua la kufanya kuhusu kurudi kwake, akapewa bawa la kuku, akalila palepale amesimama.

Kanisa kuu la Likoma nililiona hivyo tu, paa lake likipungua nyuma ya meli, na hadi leo, nikiwa na mvi na shahada mbili, sijaingia ndani. Viatu vyangu vilikuwa vinakauka kwenye reli. Benchini wale wawili walikuwa wameshapita furaha wakafika kwenye ugomvi: ni nani hasa, walipokuwa wasichana, aliyevunja mtungi mkubwa wa mama yao. Kila mmoja alikuwa na mashahidi, wote marehemu. Milima ya Mbamba Bay ilijitokeza, ikapata miti, ikapata nyumba, na wale wawili walikuwa hawajafika hata kwenye siku mtungi ulipovunjika.