Mabeseni Yaliyobaki Kwangu

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima hana dogo. Ametaka kila mmoja aandike habari za mtu wa mtaani kwake, azibandike ukutani watu wasome. Nikamwambia mimi kalamu nimeishika uzeeni, mkono mzito kama wa mchimba shimo, niandike ya nani? Akasema, "Bibi, andika ya Chiriku." Nikajua wambea wamemfikia. Haya, mmetaka ya Chiriku, mtayapata. Lakini someni mpaka chini, maana huko chini kuna yenu.

Chiriku ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pekee. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu alianza kusema kabla hajatambaa vizuri na hakunyamaza tena. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kama una mtoto aliyesoma shule ya hapa, sare yake imepita mikononi mwa binti yangu. Alishona mpaka bega la kulia likagoma, mkono haupandi kufika sikioni. Kwa hiyo kilemba alifungwa na Chiriku, kila asubuhi, huku mtoto anapiga soga, mara akaze, mara alegeze.

"Wewe, unanifunga kilemba au unafunga mzigo wa kuni?"

"Kichwa chako kikubwa, Mama, si kosa langu."

Chiriku alipopata nafasi ya kwenda kusomea ng'ambo kazi ya kupiga picha za mifupa hospitalini, mama yake alimwambia pale mlangoni, "Nenda mwanangu. Ila siku nikifa, kilemba changu cha mwisho unifunge wewe. Bibi yako hajui, atanifunga kama mgonjwa wa jino." Tukacheka sote watatu. Ulikuwa mzaha, lakini neno la mzazi halianguki chini.

Ijumaa moja binti yangu akakutwa ameinamia cherehani, mguu ungali kwenye pedali, shati la mtoto wa watu lingali chini ya sindano. Presha. Mwanangu wa kiume, huyu dereva wa lori mnayemjua, akampigia Chiriku. Simu haipatikani. Akapiga chuoni kwake. Wenyewe wakasema tiketi ya ndege watatoa wao, siku hiyohiyo, msichana apatikane tu. Wakamgongea chumba, kimefungwa. Hakumuaga mtu.

Nikapiga hesabu yangu kichwani: akipatikana leo au kesho, Jumapili yuko hapa, anamfunga mama yake kilemba, tunazika. Sikutaka lingine duniani.

Lakini friji la maiti pale hospitali lilikuwa limekufa kabla ya marehemu. Wakatwambia tuzike siku hiyohiyo. Nikakataa. Nikamrudisha binti yangu nyumbani, nikamlaza juu ya meza yake mwenyewe ya kukatia vitambaa. Dereva akaleta mabonge ya barafu kutoka kwa wauza samaki, tukayatia kwenye magunia, tukamzungushia. Barafu haina subira. Maji yakaanza kushuka kila pembe ya meza, ndipo nikatuma watu kuomba mabeseni mtaani. Mlitoa, sitasema uongo. Nikaweka kiti mlangoni pa chumba, nikakaa.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja na wazee wenzake.

"Shemeji, maiti haingoji ndege."

"Huyu atangoja. Alimngoja mume aliyekwenda dukani akapotea moja kwa moja, sembuse mtoto anayerudi."

"Watu wanasema."

"Wana midomo, waache waitumie."

Jumamosi ikapita hivyo. Dereva na simu sikioni, wanawake wanamwaga maji na kurudisha mabeseni chini ya meza. Sauti ya matone ile, ukilala nayo unaamka nayo. Jumapili asubuhi nzi wakajua njia. Dereva akarudi kutoka kwa wauza samaki na magunia matupu: umeme umekatika, barafu hakuna. Na mimi bado nimekaa.

Mama muoshaji maiti akachuchumaa mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Dada, mwanao alikuwa mtu wa usafi. Hata uzi ukidondoka aliuokota. Usimtoe humu na harufu."

Hilo ndilo lililoninyanyua. Si shemeji wala wazee wake.

Kilemba nikafunga mimi. Kikakaa upande. Nikafungua, nikafunga tena, kikakaa upande vilevile. Tukamzika hivyo.

Jumatatu Chiriku akapiga simu. Dereva alipoona jina lake akanitupia simu kama kaa la moto.

"Bibi, shikamoo. Mbona mmenipigia hivyo? Simu ilizima, nilikuwa nimejifungia maktaba. Mitihani, Bibi, wee acha tu."

Nyuma yake nasikia wasichana wanacheka, na mmoja anasema kwa lugha yetu, "Mwambie ulivyoanguka na matako."

"Marahaba," nikasema. "Umekula?"

"Nimekula. Mpe Mama simu, nina habari ya kumpa."

"Kaa chini kwanza."

"Niko kituo cha basi, hakuna pa kukaa. Nipe Mama."

"Basi kalia mzigo wako."

Nikasikia ameketi. Nikamwambia. Wale wasichana waliendelea kucheka kidogo, kisha wakakoma.

Akauliza, "Nani alimfunga kilemba?"

"Mimi."

"Kilikaa sawa?"

"Kilikaa sawa," nikasema.

Habari ya maktaba hakuirudia tena, na mimi sikumuuliza. Alipokuja aliongozana na rafiki yake wa huko, mmoja tunamwita Miwani, mtoto wa watu mwenye adabu. Huyo ndiye aliyenieleza. Walikuwa wasichana wanne, wikiendi ile walipanda basi wakavuka mpaka kwenda nchi ya jirani kuona mlima wa theluji. Ng'ambo ya mpaka laini zao hazikushika. Chiriku hakuaga kwa kuogopa mama yake asije akasema, mimi navunjika bega, wewe unatembea.

Miwani akanionyesha picha. Chiriku ameshika bonge la theluji kwa mikono miwili, kinywa wazi, meno yote nje. Nikauliza ni siku gani. Jumamosi. Miwani akasema, "Alisema hii atamhadithia mama yake tu. Wewe, Bibi, utasema barafu hata kwa wauza samaki ipo."

Nikamrudishia simu yake.

Chiriku alirudi akamaliza masomo, sasa yuko hospitali ya hapa. Mkivunjika mtamkuta kwenye chumba cha giza, na maneno yake yote mnayajua: "Usipumue." Kisha, "Pumua." Hasemi zaidi. Simu haiachi hata akiwa anaoga, inakaa juu ya ndoo. Ukimpa soda yenye barafu anaiacha mpaka barafu iyeyuke, ipate uvuguvugu, ndipo anywe.

Na nyinyi mnasema alikuwa anacheza mama yake akiharibika. Nimewasikia. Mtu mzima halazimiki kujibu kila kitu, ila ana masikio.

Sasa yenu ni haya. Mabeseni yenu yako nyuma ya mlango wangu tangu siku ile. Hakuna aliyekuja. Mnapita, mnasalimia, mnayatupia jicho, mnakwenda kununua mengine, eti yale yana maji ya maiti. Chiriku akija Jumapili anayatoa nje, anayasugua kwa sabuni, anayaanika, anayarudisha. Kila Jumapili. Mtoto anasugua plastiki mpaka rangi ya beseni inamshika mkononi, na wenye vitu mpo.

Basi njooni mchukue. Jumapili hii, akiwepo yeye. La kijani lenye ufa ni la muuza mkaa. La bluu lenye maua ni la mke wa kinyozi. Mengine kila mwenyewe analijua lake. Mumpokee mkononi, mseme asante, na mmoja wenu amuulize theluji ikoje. Mimi nitakuwa mlangoni, kwenye kiti kilekile. Asiyekuja, beseni lake nitamletea mwenyewe kichwani, mchana kweupe, napita katikati ya soko na kila anayeniuliza namwambia ni la nani.