Baba mkwe kaongea na samaki wangu

Leo baba mkwe kaniambia neno. Kupitia samaki, jamani!

Yeye ni Mnyakyusa wa zamani: hamsemeshi mkamwana, ndiyo heshima. Tangu niolewe, akitaka kitu anamwambia mume wangu, hata kama nimekaa palepale.

Leo kaja na ndizi kutoka Mpuguso, katukuta tunachagua samaki wa kuongeza kwenye tangi letu la maji ya chumvi. Muuzaji wa Dar kwenye simu anasema wa njano atatafuna matumbawe anamoishi samaki wetu, tuchukue wale wawili wadogo.

Mimi nang'ang'ania wa njano. Mzuri huyo!

Mume akatoka kushusha ndizi.

Tukabaki wawili. (Nilitamani kukimbilia jikoni.)

Mzee akainama kwenye kioo, akamwambia samaki tuliye naye:
"Mwambie mama yako achukue wale wadogo. Huyo wa njano atakula nyumba yako."

Nikainama upande wa pili:
"Mwambie babu nimesikia."

Akatabasamu, macho bado kwa samaki.
"Mwambie pia chai yake huwa tamu. Siku zote."

Wadogo nimeshaagiza. Nipeni majina, babu yao anarudi Jumapili.