Sema Mashallah Kwanza

Siku niliyoona Norwe imepakwa rangi kwenye ramani ya blogu yangu, nilipiga kelele ofisini mpaka wenzangu wakadhani nimeona nyoka. Kila nchi inayopata msomaji hupakwa rangi. Nilianza na Kenya peke yake, na msomaji mwenyewe nilikuwa mimi. Sasa nina Brazili, Japani, na hiyo Norwe! Wote walikuja kumtazama ngamia wa baba yangu.

Sikuandika kingine ila ngamia. Kila Jumamosi nilitoka mjini Garissa kwa bodaboda, njia ya kwenda Wajir, mpaka bomani kwa baba. Nilipiga picha na kuandika jinsi ngamia anavyonuna, anavyomchagua wa kumkama. Nyota wangu alikuwa jike mmoja mweupe, mwenye maringo kama bibi harusi. Maziwa yake na ya mama yake ndiyo yaliyonisomesha. Kazini mimi ni yule binti wa masjala tu, lakini kwenye blogu nilikuwa mtu. Kile kilikuwa changu, na nilikipenda kupita kiasi.

Kisha maziwa ya yule jike yakapungua.

"Hao watu wako wa simu," baba aliniuliza, "wanasema nini juu yake?"

Mimi, kwa fahari zangu, nikamsomea huku nikimtafsiria Kisomali. Mzuri ajabu! Malkia! Sijaona mnyama kama huyu! Kila sifa niliyotaja, uso wake ulizidi kukunjamana.

"Hakuna hata mmoja aliyesema Mashallah?"

Nikayapekua maoni tena toka juu hadi chini; hakuna. Kwetu mali ya mtu haisifiwi hivi hivi. Unamtaja Mungu kwanza, la sivyo umeitupia jicho la husuda. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa baba yangu, ngamia akisifiwa maziwa hukauka.

"Umemtoa mnyama wangu mbele ya macho ya dunia nzima bila kinga," alisema. "Futa. Futa yote kabla ya Jumamosi ijayo."

Nilikasirika, wallahi. Nilimleta daktari wa mifugo, naye akasema ni kupe na joto, akamdunga sindano. Baba aliikubali sindano, maelezo akayakataa. Wiki nzima nilikuwa naifungua ile ramani na kuifunga, roho ikiniuma. Kumkaidi baba siwezi. Kufuta nako siwezi.

Siku moja kabla ya Jumamosi nikaandika kila kitu. Nilisema maziwa yamepungua, baba amekasirika, na blogu inakaribia kufa. Nikamalizia kwa amri: aliyemsifu ngamia wetu bila Mashallah arudi sasa hivi aiseme.

Wakarudi! Jamani, walirudi! Norwe Mashallah, Japani Mashallah, Brazili Mashallah, mwalimu mmoja wa Kanada akaleta ya darasa lake zima. Ujumbe uliingia mfululizo mpaka simu ikapata moto mkononi. Nilikuwa nikicheka na kulia kwa pamoja, na papo hapo nikabadilisha jina la blogu. Sasa inaitwa Sema Mashallah Kwanza.

Jumamosi nilimsomea baba ujumbe mmoja mmoja, naye akivuta punje ya tasbihi kwa kila nchi. Maziwa yalikuwa yameshaanza kurudi. Mimi nasema ni sindano. Yeye anasema ni Norwe. Ila habari ya kufuta au kutofuta hakuitaja, nami niliogopa kuuliza.

Tukiwa bado tumekaa, simu ikalia. Mama mmoja wa Norwe, mfugaji, alikuwa ametuma picha ya ng'ombe wake wa kahawia amesimama kwenye theluji. Nikamwonyesha baba.

"Aabo, hebu tazama kiwele hicho! Sijaona ng'ombe kama huyu!"

Baba aliinyakua simu na kuifunika kwa kiganja.

"Mashallah!" alifoka. "Sema! Unataka kuyakausha maziwa ya mama wa watu?"

"Mashallah," nikasema.

"Mimi umeniambia. Yeye atasikiaje?" Akanirudishia simu. "Mwandikie upesi. Na mwambie baba yako pia amesema."